Anayekuja Muscat ahesabu siku za mwenyeji kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu zetu wa Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mombasa wanaojiandaa kuja Oman kuwaona masahibu wa zamani. Joto linapopungua, kuanzia Novemba hadi Machi, wageni huja kwa wingi, na ziara nyingi huharibika kwa kosa moja: tiketi hukatwa kwa kufuata bei, mwenyeji hakuulizwa. Mapumziko ya wiki hapa ni Ijumaa na Jumamosi, tangu 2013. Mgeni anayetua Jumamosi usiku akaondoka Alhamisi asubuhi atakuwa amekuja kumtazama rafiki yake akienda kazini na kurudi amechoka.

Viza ya utalii huombwa mtandaoni, na iko ya siku 10 na ya siku 30. Hata hizo 10 zinatosha ukizipanga vizuri. Tua Alhamisi, uondoke Jumamosi ya wiki inayofuata. Ihesabu siku ya kutua kuwa ya kwanza, na uwe umeshavuka uhamiaji kabla ya usiku wa manane wa siku ya kumi, maana kila siku inayozidi faini yake ni rial 10. Kwa mpango huo unapata Ijumaa mbili na Jumamosi mbili za mwenyeji, na siku tano za katikati unatembea mwenyewe mjini.

Ijumaa ya kwanza iwe ya Nizwa, kwa sababu mnada wa mifugo ni siku hiyo tu. Ni mwendo wa kilomita 160 hivi, kwa hiyo tokeni saa kumi na moja alfajiri. Saa moja asubuhi wauzaji wanazunguka na mbuzi na ng'ombe katikati ya duara la wanunuzi wakinadi bei, na ikifika saa tatu uwanja umeanza kupwaya. Anayeamka kwa starehe, akanywa chai, akatoka Muscat saa mbili, huambulia kinyesi na kamba. Kutoka hapo ingieni ngome iliyojengwa na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Ngazi zake zimekatwa kona, na juu ya kila mlango pana tundu la kumwagia adui asali ya tende inayochemka. Mtoto wake, Saif bin Sultan, ndiye aliyetawala Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, kwa hiyo mgeni wa Mombasa asiipite haraka.

Msimlazimishe mwenyeji kupanda Jebel Akhdar na gari dogo. Birkat al Mouz, chini ya mlima huo, pana kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta magurudumu yote manne hurudishwa. Sababu ni mteremko wa kurudi: asiyeshuka kwa gia nzito akaegemea breki tu huziunguza kabla hajafika chini. Kama gari halifai, bakini hapo Birkat al Mouz mtazame falaji, yaani mfereji wa kale, inavyopitisha maji kwenye mitende. Imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006.

Siku za kazi, mgeni asimsubiri mwenyeji sebuleni. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hupokea wageni wasio Waislamu saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi, Ijumaa hapana. Mwanamke afunike nywele, mikono na miguu. Mwanamume avae suruali ndefu. Soko la Mutrah hufunga mchana, saa saba hadi saa kumi hivi, kwa hiyo liendee jioni. Ukivuka barabara, kumbuka magari hapa hupita kulia: tazama kushoto kwanza, kinyume cha mazoea ya nyumbani.

Rial moja ni baisa 1,000, na bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Bandiko la 1.500 ni rial moja na nusu. Wapo wanaoisoma elfu moja na mia tano wakakimbia duka, na wapo wanaotoa noti ya 50 wakidhani ni hela ndogo, kumbe rial moja tu inazidi dola mbili na nusu.

Jambo la saa lina ugomvi wake. Rafiki aliyekulia Unguja akikwambia saa mbili, ni saa mbili yetu. Watoto wake waliosoma hapa huhesabu kwa Kiarabu, na saa mbili yao ni saa nane mchana. Ahadi za kupokeana uwanja wa ndege au kukutana sokoni ziandikwe kwa tarakimu: 08:00 au 14:00. Na Muscat iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Alhamisi ya pili, mwenyeji akitoka kazini, shikeni njia ya Sur, kilomita 200 hivi. Ras al Jinz iko mbele yake, na kasa hutazamwa usiku kwa kuongozwa, nafasi zikiwa zimewekwa mapema, msiende kubahatisha. Ijumaa, mkirudi, ingieni Wadi Shab. Mtavushwa kwa boti, kisha dakika 45 za mawe kwa miguu: viatu vya kushika, wala si kandambili. Wingu likionekana milimani, rudini hata kama hapo mlipo jua linawaka. Mvua hunyesha juu, maji yakashuka kwa ghafla bondeni, na barabara iliyofunikwa na maji hayo haivukwi hata na gari refu.

Mizigo nayo. Mirungi hairuhusiwi kabisa. Tramadol na dawa zenye codeine ziko chini ya udhibiti mkali. Anayezitumia achunguze masharti kabla ya safari, abebe cheti cha daktari, na dawa zikae kwenye boksi lake. Usikubali kifurushi cha "mpelekee shangazi" ambacho hukukifungua mwenyewe.

Nyumbani kwa watu, kahawa ipokee kwa mkono wa kulia, na ukitosheka tikisa finjani. Usipotikisa utaendelea kumiminiwa. Mwenyeji hatakubali umlipe mafuta. Mkifika kituo cha mafuta, shuka kabla yake ulipe.

Halua ya kurudi nayo itie kwenye begi la mzigo, maana kwenye ukaguzi wa mkoba wanaweza kuihesabu na majimaji. Ifunge kwa kitambaa au karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na hunyang'anywa pale pale uwanjani.

Msomaji wenu,
Al Khuwair, Muscat