Kichwa Kinachouma Kuanzia Kisogoni: Upasuaji Unafaa Lini?

Wengi wanaofika kwetu na maumivu ya kisogo wamekwisha kupimwa malaria, wamepimwa presha, wamenunua miwani, na wengine wamepelekwa kuombewa. Kichwa bado kinauma. Siku hizi wanakuja na swali jipya: "Daktari, nimeona mtandaoni kuna upasuaji wa mishipa ya fahamu unaoponya kichwa. Hapa mnafanya?"

Hapana, sisi hatupasui. Kazi ya kliniki yetu ni kuchunguza maumivu, kutibu yanayotibika bila kisu, na kumwandikia rufaa yule ambaye kisu kitamsaidia kweli. Kwa hiyo tunaomba usome haya kabla hujalipia upasuaji popote.

Kisogoni kuna mishipa ya fahamu inayotoka kwenye pingili za juu za shingo na kupanda hadi utosini. Ule mkubwa unapenya ndani ya msuli mnene, unatoboa utando mgumu unaoshika misuli kwenye fuvu, na mara nyingi unapishana na mshipa wa damu. Unaweza kubanwa popote katika njia hiyo. Kuna wanaoanza kuumwa baada ya ajali iliyotikisa shingo, na kuna ambao chanzo hakionekani hata kwenye picha ya MRI.

Maumivu yenyewe yanajitambulisha. Yanachoma ghafla kama shoti ya umeme, kutoka chini ya kisogo kwenda juu, kwa sekunde au dakika chache, kisha yanaiacha ngozi ya kichwa haitaki kuguswa. Akina mama hutuambia kusuka kumewashinda, hata kitana hakipiti. Ukibonyeza pale mshipa unapopita, mgonjwa anaruka. Kipandauso ni kitu kingine: hupwita, hudumu saa 4 hadi siku 3, huja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo watu hupasuliwa kwa haraka wakajuta.

Ndiyo maana tunaithamini sana sindano ya ganzi. Tunachoma ganzi pembeni ya mshipa, wakati mwingine pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, halafu tunasubiri na mgonjwa akiwa palepale. Ngozi ikifa ganzi na maumivu yakaondoka, tumepata dalili nzito kwamba mshipa huo ndio unaohusika. Nafuu inaweza kuwa ya saa chache. Wapo wanaokaa vizuri wiki kadhaa au miezi, na hao hawana sababu ya kuwaza kisu. Ngozi ikifa ganzi na kichwa kikaendelea kuuma vilevile, kuulegeza mshipa huo kwa upasuaji hakutakusaidia. Hata hivyo sindano moja haitoshi kuamua, maana kipandauso nacho kinaweza kutulia kwa sindano hiyohiyo. Mtu akikuahidi upasuaji bila kukuchoma ganzi kwanza, muulize kwa nini.

Kabla ya kisu kuna mazoezi ya shingo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na kuna dawa za mishipa ya fahamu kama amitriptilini na gabapentini, zinazohitaji wiki kadhaa kabla ya kuzihukumu. Pia tunahesabu dawa za duka la dawa. Anayemeza parasetamo au diklofenaki siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuwa anaumwa kichwa kwa sababu ya dawa hizohizo.

Upasuaji unaosikia habari zake ulipata umaarufu kuanzia mwaka 2000, pale Bahman Guyuron, daktari wa upasuaji wa urembo huko Cleveland, Marekani, alipoandika kwamba wagonjwa aliowanyoosha paji la uso kwa ajili ya urembo walipata nafuu ya kipandauso. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa maumivu ya kichwa cha Marekani kilishauri upasuaji huo wa kipandauso usifanywe nje ya utafiti. Kwa mshipa wa kisogoni uliothibitika kubanwa, na tiba nyingine zikashindwa, tunaona upasuaji una nafasi yake.

Unapigwa nusu kaputi, unachanwa kisogoni, kipande cha msuli unaobana kinaondolewa, utando unafunguliwa, na mshipa wa damu unaokandamiza hufungwa. Kichwa hufa ganzi kwa wiki au miezi. Wapo wanaopona kabisa, wapo wanaopunguziwa, na wapo wasiopata kitu. Kuukata mshipa wa fahamu wenyewe ni jambo jingine: ganzi huweza kubaki maisha yote, na ncha iliyokatwa inaweza kuota uvimbe unaouma. Hilo liwe la mwisho kabisa.

Maumivu yakija ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au yakiambatana na homa na shingo kukakamaa, kupooza upande mmoja au macho kupoteza nuru, usije kwetu. Kimbilia hospitali kubwa saa hiyohiyo.

Wengine, njooni na pakiti za dawa zote mnazotumia, picha za zamani, na daftari la siku mlizoumwa mwezi uliopita. Siku ya sindano njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.