Pointi gadi tusimpime kwa pointi alizofunga

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji. Kila ubishi wa wachezaji bora wa kikapu unapozuka, John Stockton, pointi gadi wa Utah Jazz, huwekwa kando kwa hoja mbili: hakuwa mfungaji mkubwa, na hakutwaa ubingwa. La ubingwa ni kweli. Jazz walifika fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 1997 na 1998, na mara zote mbili Chicago Bulls waliwafunga michezo 4 kwa 2. Lakini kazi ya kwanza ya pointi gadi, mchezaji anayeongoza mashambulizi, ni kuwafungisha wenzake, na hapo hakuna aliyemfikia.

Alistaafu mwaka 2003 akiwa na asisti 15,806, yaani pasi zilizozaa vikapu. Tupige hesabu: anayetoa asisti 10 kila mchezo, bila kukosa hata mmoja kati ya 82 ya msimu, hupata 820. Kwa mwendo huo atahitaji misimu 19 na ushee. Stockton alicheza misimu 19, michezo 1,504, na akakosa 22 tu. 18 kati ya hiyo ni pale goti lilipofanyiwa upasuaji, msimu wa 1997/98. Msimu wa 1990/91 alitoa asisti 1,164, na hadi leo hakuna aliyezivuka kwa msimu mmoja. Hata kwa kupora mipira anaongoza, 3,265. Na huyu ni mtu wa sentimita 185 tu.

Siri yake kubwa ilikuwa mchezo wa watu wawili, yeye na mwenzake wa Jazz, Karl Malone, ambao vijana wengi huuiga nusunusu. Malone anasimama imara kuweka skrini, yaani kumzibia njia mlinzi anayemkaba Stockton. Stockton anadunda kumwelekea, anapita bega lake likikwaruzana na nyonga ya Malone. Ukiacha upenyo wa mtu mmoja hapo, mlinzi anapita na skrini imekwenda bure. Mweka skrini naye akimsogelea mlinzi na kumgonga, hiyo ni faulo, na mpira unakwenda kwa wapinzani.

Skrini ikimnasa mlinzi, yule mrefu anayemkaba Malone anabaki na mashaka: amkabili mwenye mpira au arudi na mtu wake? Stockton alingoja mpaka huyo mrefu ajitoe kumkabili. Ukipiga pasi kabla hajajitoa, mpira unanaswa. Ukichelewa, wawili wamekubana. Malone anageuka, mgongo wake umemziba mlinzi, anakimbilia kikapu. Pasi inatoka kwa mkono mmoja, mpira ukitoka sakafuni moja kwa moja, maana ukiukusanya kwanza kwa mikono miwili umeshamwonyesha mlinzi unakotaka kuupeleka. Inadundishwa katikati ya walinzi wawili, chini ya mikono yao, imfikie Malone usawa wa kiuno naye yuko mwendoni. Ikimfikia magotini, itabidi ainame, na nafasi imepotea.

Jambo jingine halisemwi kabisa. Katika mfumo wa kocha Jerry Sloan, Stockton mwenyewe aliwawekea skrini majitu ya zaidi ya mita mbili ili Malone apate mpira karibu na kikapu. Pointi gadi wengi hukwepa kazi hiyo, kwa sababu inauma.

Na kufunga aliweza. Tarehe 29 Mei 1997, dhidi ya Houston Rockets, pointi zikiwa 100 kwa 100 na muda ukiyoyoma, Malone alimzuia mlinzi, Stockton akapokea mpira, akatupa kwa pointi tatu, ukaingia. Jazz wakaenda fainali kwa mara ya kwanza. Katika maisha yake yote ya NBA, zaidi ya nusu ya mitupo yake ya uwanjani iliingia.

Ombi langu kwa dawati la michezo ni moja. Mnapochapa matokeo ya ligi zetu za kikapu, msiishie kwenye majina ya wafungaji. Wekeni na asisti, na mipira iliyopotezwa, kwa kila mchezaji. Kama ligi inaziandika takwimu hizo, ni kuziomba tu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam