Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wanaoanza Mbio za Boti za Mashine Ndogo

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye kabrasha la katibu, sitayarudia. Kamati imenitaka nitumie nafasi yangu kwa jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: wanachama wapya wanaofika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na boti, mashine na hamu, kisha jioni wanarudishwa ufukweni kwa kuvutwa na kamba. Mara nyingi wanalaumu udogo wa mashine. Ukaguzi ulionyesha jambo jingine kabisa. Nguvu ilikuwepo, ila ilipotea kwenye kabureta, kwenye ubao wa nyuma na kwenye propela.

Mgeni akiuliza anunue mashine gani, jibu la kamati ni lile lile: ya mipigo miwili, nguvu farasi 15, kama wanazofunga wavuvi wa Kyela. Vipuri vyake vinapatikana, mafundi wanaijua, na watu wawili wanaibeba bila taabu. Asione haya kuanza na ndogo. Shirikisho la kimataifa la mbio za boti, UIM, lina daraja la vijana la GT15 linalokimbiza mashine za nguvu hiyo hiyo. Anayeanza na farasi 40 anajifunza kuogopa kabla hajajifunza kukata kona.

Sasa suala la kabureta, ambalo ni letu sisi watu wa nyanda za juu kuliko wa Dar es Salaam au Mwanza. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mashine ikijaribiwa kwenye pipa la maji Mbeya inatoa moshi na kukohoa, kwa sababu hewa ni nyepesi na petroli imeizidi. Fundi anabana petroli, mashine inatulia, kila mtu anafurahi. Ikishushwa Matema inakutana na hewa nzito zaidi, na petroli ile ile sasa ni pungufu. Kwenye mipigo miwili oili inaingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukipunjwa petroli umepunjwa na oili. Pistoni inapata joto, inatanuka, inabana katikati ya mbio.

Skrubu ya pembeni ya kabureta inagusa mwendo wa chini tu. Hatari kubwa ni kwa wanaobadilisha jeti kuu, kitundu kinachopitisha petroli kwenye mwendo wa juu, ili mashine iimbe vizuri mjini. Jeti kuu ibaki ya kiwandani, na skrubu irekebishwe ukiwa ziwani. Kisha soma plagi: endesha mafuta yakiwa wazi kabisa kwa dakika mbili au tatu, zima ghafla bila kupunguza mwendo kwanza, fungua plagi uitazame. Ikiwa kahawia, endelea. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, usirudi majini mpaka sababu ijulikane.

Kuhusu oili, kamati ilikuta madumu yenye oili ya misumeno ya mnyororo, ile wanayotumia wapasua mbao wa Mafinga. Ni oili nzuri kwa msumeno. Msumeno unapozwa kwa hewa na hufanya kazi kwa joto kubwa. Mashine ya boti inapozwa kwa maji ya ziwa, haifikii joto hilo, na viungo vya oili ya msumeno vinaacha majivu kwenye plagi na ringi. Kopo liwe na alama ya TC-W3, ya oili za mashine za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, weka mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya au iliyofungwa pistoni mpya huzoezwa kwa 25 kwa 1, mililita 800 kwa dumu hilo hilo, kwa muda uliotajwa kwenye kitabu chake. Tia nusu ya petroli, mimina oili, tikisa, ndipo ujaze. Ukianza na oili kwenye dumu tupu inaganda chini, hasa asubuhi za Juni na Julai huku kwetu. Petroli iliyokwisha kuchanganywa isikae zaidi ya mwezi.

Boti yenyewe iwe na urefu wa mita 3.5 hadi 4, plaiwudi ya milimita 6 chini, nyepesi. Wengi wanatazama rangi. Mkaguzi wetu anaigeuza na kuweka rula ndefu ya fundi kwenye sakafu ya nje, mita moja na robo za mwisho kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti. Mwanga ukionekana katikati ya rula, sakafu imebonyea: boti itakandamiza omo, yaani pua yake, majini na mwendo hautapanda. Rula ikicheza mbele na nyuma, sakafu imevimba: boti itarukaruka hata maji yakiwa shwari, na hakuna propela itakayoiponya. Makosa yote mawili yanarekebishwa kwa kujaza epoksi na kupiga msasa, kazi ya siku mbili kwa fundi mvumilivu.

Ubao wa nyuma uwe na unene wa milimita 38 au zaidi, plaiwudi mbili zilizogundishwa. Urefu wake ulingane na mguu wa mashine: mguu mfupi sentimita 38, mrefu sentimita 51. Kwa anayeanza, bati bapa lililo juu ya propela liwe sawa na sakafu ya boti. Likishuka sana mguu unaburuta maji na mwendo unakufa. Likipanda sana propela inavuta hewa kwenye kona, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Ukizoea, pandisha milimita 12 kwa mara moja, jaribu, ndipo uamue. Skrubu za kubania zikazwe tena baada ya mzunguko wa kwanza, maana mtikisiko unazilegeza, na mnyororo wa akiba ufungwe hata kama unaonekana hauna kazi.

Propela ina hesabu rahisi. Chukua pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya mashine kwa dakika, gawanya kwa uwiano wa gia, kisha zidisha kwa 0.001524. Pichi 10, mizunguko 5,500 na gia ya 2.08 inaleta takriban kilomita 40 kwa saa. Toa asilimia 10 hadi 20 kwa kuteleza. Unabaki na 32 hadi 36. Mashine isipofika mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu, propela ni nzito: punguza pichi. Inchi moja hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi. Kununua pichi kubwa kwa matumaini ya kasi ndilo kosa lililorudiwa zaidi mwaka huu.

Maji yanayotoka kwa nyuma kama mkojo wa mbuzi yatazamwe kila unapowasha. Yakikatika, zima. Mchanga wa ufukweni unakula impela, yaani kizungushio cha pampu ya maji, kwa hiyo usiwashe mahali ambapo mguu unagusa chini, na badilisha impela kila mwaka. Oili ya gia ikitoka nyeupe, maji yameingia, sili imekwisha.

Kona tunakata kushoto. Mgeni anapofika kwenye boya anashtuka na kufunga mafuta yote. Omo inachimba, tezi inazunguka, dereva anarushwa nje upande wa kulia. Punguza kidogo kabla ya boya, sogeza uzito mbele na ndani, ingia kwa upana, kisha ongeza mafuta taratibu ukiwa bado unageuka, ili utoke karibu na boya. Anayempita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa. Aliyetangulia kwenye boya anabaki kwenye njia yake. Bendera nyekundu ikipandishwa, wote wanasimama, hata aliyekuwa anaongoza.

Kwa usalama sina lugha ya kubembeleza. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe pajani au kwenye jaketi okozi, si kwenye kidole wala kwenye mpini. Jaketi liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo linapanda usoni mtu akitumbukia. Helmeti iwe ya rangi kali, ionekane kwenye maji ya kijivu. Chombo kisicho na cheti cha ukaguzi cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, hakitashushwa, na mbio hazianzi mpaka boti mbili za uokoaji ziwe majini zimewashwa.

Kuhusu mahali. Matema iko ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na upepo wa kusini-mashariki wa Mei hadi Agosti, ambao wenzetu wa Malawi wanauita mwera, unakuja na mawimbi yaliyosafiri mbali. Boti ya mita nne haina biashara hapo. Mvua za masika nazo zinaleta magogo kupitia Lufilyo na Mbaka, na kwenye midomo ya mito kuna mamba. Kwa hiyo Septemba hadi Novemba, asubuhi, ndiyo nafasi yetu. Mtera iko karibu kwa wanachama wa Iringa, lakini bwawa hilo hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na visiki vya miti iliyozamishwa vinakaribia uso wa maji bila kuonekana. Njia ipimwe upya kwa mtumbwi na mti mrefu kila tunapokwenda. Ramani ya msimu uliopita haifai.

Kamati inaleta maazimio matatu yapigiwe kura leo. Kwanza, liwepo daraja moja la wanaoanza: farasi 15, jeti kuu ya kiwandani, bila kuchonga kichwa cha silinda ili kuongeza nguvu. Pili, kila boti mpya ipimwe kwa rula na mashine isomwe plagi siku moja kabla ya mbio, kule kule ziwani. Tatu, mgeni aonyeshe wakaguzi kwamba anaweza kuogelea mita 50 akiwa na jaketi, na kutoka chini ya boti iliyopinduka kwenye maji ya kifuani, kabla hajapewa namba ya ushiriki.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti