Mti uliopukutika si mti uliokufa

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu mikrismasi (miti ya maua mekundu) na mikungu (miti ya kungu) inayokatwa mitaani Dar es Salaam wakati wa kiangazi kwa madai kuwa imekufa. Mingi imepukutika tu. Majani ya mkungu huwa mekundu kabla ya kudondoka. Mkrismasi hubaki na maganda makavu yakining'inia, kisha huchanua kuelekea Desemba, ndiyo asili ya jina lake.

Kabla ya kushika shoka, kwangua gome la kijitawi kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, mti u hai. Ukikuta kahawia na pakavu, usihukumu bado: ncha hutangulia kukauka, hivyo rudia karibu na shina. Ofisi za serikali za mitaa zisiruhusu ukataji hadi mti uangaliwe kila wiki kwa miezi mitatu na machipukizi yake kuandikwa daftarini.

Msomaji,
Dar es Salaam