Maombi yasiwe kichaka cha kusengenyea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kosa ambalo nalisikia katika ushirika nyingi hapa Nairobi, na ambalo nimelitenda mwenyewe. Jumatano moja, katika ushirika wetu wa nyumbani mtaani Umoja, niliwaomba wenzangu wamkumbuke kijana mmoja wa kwaya ambaye, nilisema kwa sauti ya huruma, "anapitia majaribu". Nilipoulizwa ni majaribu gani, niliyamwaga yote: madeni, mwenye nyumba aliyemfungia mlango kwa kufuli, na mke aliyerudi kwao. Chai ilikuwa haijapoa vikombeni, nami nilikuwa nimekwisha kumvua nguo mbele za watu. Maombi yenyewe hayakufika dakika mbili. Jumapili iliyofuata hakuja kuimba.

Wepesi wetu wa kukemea ndimi za wanasiasa naujua, na sheria ya mwaka 2008 iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi inaharamisha matamshi ya chuki, lakini anayesengenya akiwa amefumba macho hakamatwi na yeyote.

Katika Zaburi ya 141 Daudi anasema, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Sisi wa ploti tunamwelewa upesi, kwa kuwa soja wetu hukaa langoni na daftari lake, akimuuliza kila mgeni atokako na anayemwendea. Hata hivyo, mtungi wa gesi ukipotea, mara nyingi aliyeuchukua ni wa humo humo ndani. Nadhani ndiyo sababu mstari unaofuata unauhusu moyo. Maneno yangu ya Jumatano hayakuzaliwa Jumatano. Kijana huyo alikuwa amepewa uongozi wa kwaya niliokuwa nikiutarajia kwa mwanangu, na kwa wiki nzima nilikuwa nimeitafuna habari ya kufuli ile, nikiona utamu wake.

Nawasihi viongozi wa ushirika wasiruhusu shida ya mtu itajwe asipokuwa ameridhia mwenyewe. Mungu hahitaji kusomewa jina la mwenye nyumba.

Nilimwendea kijana huyo kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mzee, lakini wewe mwenyewe, ulifika nyumbani ukaniombea?"

Sikuwa na jibu.

Mzee wa kanisa,
Umoja, Nairobi