Harambee ya Vipimo vya Mama Mlezi wa Kwaya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tunaandika kwa aibu kidogo, maana tunajua Januari ni ya ada na mifuko imekauka. Ila aliyemwona mama mlezi wa kwaya Jumapili iliyopita hahitaji maelezo marefu. Sare yake imefumuliwa ubavuni na kuongezewa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine, kwa sababu bandama imejaa upande wa kushoto hadi kitovuni. Akinywa uji vijiko viwili vitatu, ameshiba. Kwenye bodaboda hukumbatia tumbo kwa mikono yote miwili.

Huku kwetu kandokando ya Ziwa, bandama ikivimba watu husema malaria, au kichocho. Mara nyingi ni kweli, hivyo hatumlaumu mtu. Ametibiwa yote mawili. Uvimbe uko palepale na damu inazidi kupungua. Sasa daktari anashuku limfoma ya bandama, saratani adimu inayokwenda polepole na inayofanana mno na uvimbe unaoletwa na malaria ya mara kwa mara. Kuidunga bandama sindano kunaogopwa, isije ikavuja damu. Kwa hiyo utachukuliwa uboho kwenye mfupa wa nyonga, upimwe kwa vipimo maalumu vya kutambua aina ya seli. Vipimo hivyo ndivyo ghali, na bima yake haivigusi. Jibu lisipopatikana hapo, huenda bandama yenyewe ikatolewa ichunguzwe, na kabla ya hapo achanjwe nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Wapo waliouliza kwa nini tuchangie vipimo badala ya dawa. Dawa zipo, na wengi wenye limfoma hii huishi miaka mingi. Lakini daktari gani ataanza dawa ya saratani kwa kubahatisha?

Mwaka jana spika za kanisa tulizipata kwa Jumapili moja tu. Zinalia vizuri, Mungu awabariki. Wanaoimba kwenye spika hizo ni watoto aliowalea huyu mama.

Harambee ni Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Fedha, kuku, mahindi, ahadi, vyote vinapokelewa. Mhazini atatoa risiti na hesabu itasomwa kwenye matangazo. Mwenye ndugu jirani na hospitali ya rufaa, anayeweza kumpa mama na binti yake pa kulala siku za vipimo, asingoje Jumapili. Amwone mzee wa kanisa leo.