Yupi dume, yupi jike

Mwanangu,

Salamu sana. Huku Ifakara hatujambo, ila mvua imetufungia ndani siku ya tatu leo.

Juzi kwenye simu uliniuliza, wale bata mwitu wa picha niliyokutumia yupi dume na yupi jike, salio likaisha kabla sijakujibu. Kwa macho huwatambui, hata ukiwa na darubini. Uso mweupe, kisogo cheusi, shingo ya kahawia iliyoiva: wote wawili sare moja.

Nilipokuwa mdogo nao walikuwa adui zangu. Babu yako alitupandisha dunguni kuamia mpunga usiku, maana hula zaidi gizani. Hawalii kama bata wetu. Hupiga mluzi wa sauti tatu, fyi-fyi-fyuu, nasi tunagonga debe kuelekea kule ulikotokea. Miaka yote hiyo niliwasikia tu.

Sasa nimestaafu, naenda kuwatazama asubuhi pale bonde linapofurika. Mchana husimama topeni wima, shingo juu, kama wanafunzi mstarini. Kisha mmoja huinamisha kichwa, mwenzake akamchambua manyoya ya shingoni, pale ambapo mdomo wake mwenyewe haufiki. Halafu wanabadilishana. Nilikaa saa nzima, chai ikapoa kwenye chupa.

Kiota hukiweka nyasini. Mayai nane hadi kumi na mawili, na baba naye huatamia, zamu kwa zamu, karibu wiki nne. Dume letu la hapa nyumbani, wewe unalijua: likishapanda, limekwenda kwa jirani. Cha kuchekesha, Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, alipompa ndege huyu jina la kisayansi mwaka 1766 alimwita *viduata*, yaani mjane! Nadhani ni kwa ule weupe uliozungukwa na weusi. Bibi yako, aliyekaa eda Kilwa kwa nguo nyeupe tupu, angemshangaa.

Wakimaliza kulea, manyoya ya kurukia huwapukutika yote kwa mpigo, wakajificha kwenye matete wiki kadhaa bila kuruka. Hapo ndipo vijana huwafuata na fimbo. Bonde la Kilombero liko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 2002, lakini matete yanazidi kulimwa.

Mama yako anasema nikwambie kwamba bado wanakula mbegu zetu kitaluni. Ni kweli, wanakula.

Ukija likizo njoo na gambuti, zako za mwaka jana zimepasuka.

Baba yako